Mwili au Ujuzi? Tuwatazame Mabingwa wa Mpira wa Kikapu



Mwezi uliopita nilitembelea kituo kimoja cha kisomo katika tarafa yetu. Darasa lilikuwa limekwisha. Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakizungumza. Mzee mmoja akaniita pembeni. Akasema: "Mwalimu, nina neno."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mzee huyo ana kijana wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Kijana ni mrefu kuliko watu wote pale kijijini. Siku moja alikuja mtu kutoka mjini. Akamwangalia kijana juu mpaka chini. Akasema: "Huyu ni mali. Huko Marekani watu warefu kama huyu wanalipwa fedha nyingi kwa kucheza mpira wa kikapu. Nipe fedha ya nauli na ya karatasi, nitampeleka." Basi mzee alikuwa anafikiria kuuza ng'ombe 2 na kumtoa kijana shuleni.

"Sasa Mwalimu," akaniuliza, "urefu huu wote hautoshi?"

Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa akichambua mchicha akadakia: "Urefu ungekuwa unatosha, twiga angekuwa bingwa!" Watu wakacheka. Lakini mzee hakucheka. Ng'ombe 2 ni mali, na mtoto ni zaidi ya mali.

Niliahidi kuandika juu ya jambo hili ili tulisome sote. Je, bingwa anafanywa na mwili aliozaliwa nao, au na ujuzi aliojifunza? Hebu tuwatazame mabingwa wenyewe, mmoja mmoja.

MCHEZO HUU ULIANZAJE?

Mpira wa kikapu ulianza mwezi Desemba 1891 katika mji wa Springfield, nchini Marekani. Aliyeuanzisha ni mwalimu, jina lake James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Ilikuwa majira ya baridi kali. Wanafunzi wake hawakuweza kucheza nje. Mkuu wake akamwagiza abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya ukumbi.

Mwalimu Naismith alichukua vikapu 2 vya kuwekea matunda. Akavipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani, kimoja kila upande wa ukumbi. Roshani hiyo ilikuwa na kimo cha mita 3 na sentimita 5 kutoka sakafuni. Mpaka leo kikapu kinawekwa kimo hicho hicho. Mwanzoni vikapu vilikuwa na vitako. Mpira ukiingia, mtu alipanda ngazi kwenda kuutoa!

Kwa nini aliweka kikapu juu? Aliogopa wachezaji wasije wakaumizana. Goli likiwa chini, mtu anaupiga mpira kwa nguvu zake zote. Goli likiwa juu, na mdomo wake umeelekea juu, nguvu peke yake haisaidii. Lazima uurushe mpira upande, halafu ushuke taratibu ndani ya kikapu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mchezo huu ulitaka ujuzi. Lakini hapo hapo uliwafungulia mlango watu warefu, maana kikapu kiko juu. Mambo haya mawili yanavutana mpaka leo.

Siku hizi kila timu ina wachezaji 5 uwanjani. Mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira mkononi. Lazima audunde chini, au ampe mwenzake. Ukiutia mpira kikapuni unapata pointi 2. Ukiutia kutoka mbali, nje ya mstari uliochorwa, unapata pointi 3. Ukifanyiwa makosa wakati unarusha, unapewa mtupo huru. Unasimama umbali wa mita 4 na nusu hivi kutoka kikapuni, hakuna anayekuzuia, unarusha. Kila mtupo ukiingia ni pointi 1.

Ligi kubwa kuliko zote ni ile ya Marekani, nayo inaitwa NBA. Karibu mabingwa wote tutakaowataja walicheza huko.

MWILI NI NINI, UJUZI NI NINI?

Tuelewane kwanza juu ya maneno haya mawili.

Tukisema mwili, maana yetu ni kile ulichozaliwa nacho: kimo, urefu wa mikono, ukubwa wa viganja, wepesi wa kuruka na wa kukimbia. Mazoezi yanaweza kukuongezea nguvu na kasi. Lakini hakuna mazoezi yatakayomrefusha mtu mzima.

Tukisema ujuzi, maana yetu ni kile ulichojifunza: kudunda mpira bila kuutazama, kuurusha ukaingia, kutoa pasi, kupanga miguu. Tena kuna ujuzi wa kichwa, yaani kujua mwenzako atakwenda wapi kabla hajaenda.

Ninyi wakulima mnajua. Kuna shamba lenye rutuba, na kuna mkulima anayejua kazi. Shamba zuri mikononi mwa mvivu huota magugu. Na mkulima hodari hawezi kuvuna mahindi juu ya jabali. Tuone sasa mambo hayo yalivyokuwa kwa wachezaji.

MREFU NA MFUPI KATIKA TIMU MOJA

Katika msimu wa 1987 mpaka 1988, timu ya Washington ilikuwa na wachezaji 2 wa ajabu.

Wa kwanza ni Manute Bol. Alikuwa Mdinka kutoka nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini. Kimo chake kilikuwa mita 2 na sentimita 31. Ujana wake alichunga ng'ombe. Mpira wa kikapu aliujua akiwa tayari mkubwa. Alipofika Marekani, ilibidi kwanza aketi darasani kujifunza Kiingereza, mtu mzima yule. Aliingia NBA mwaka 1985.

Wa pili ni Muggsy Bogues. Kimo chake ni mita 1 na sentimita 60 tu. Hapa kijijini wengi wetu tungemzidi. Hakuna aliyewahi kucheza NBA mfupi kuliko yeye. Wakisimama pamoja, Bol alimzidi sentimita 71.

Sasa, nani alifaa zaidi? Bol alikuwa mlinzi wa kuogopwa. Msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397 isifike kikapuni. Lakini kurusha na kudunda kulimpa shida. Katika maisha yake yote ya NBA alizuia mipira 2,086, na pointi alizofunga ni 1,599 tu. Yeye peke yake ndiye mchezaji wa NBA aliyezuia mipira mingi kuliko pointi alizofunga.

Bogues hakuweza kuzuia kwa urefu. Basi akatumia alichokuwa nacho. Alidunda mpira chini chini, karibu na ardhi, mahali ambapo warefu hawafiki kwa urahisi. Alikuwa na mbio. Macho yake yaliona nafasi, akatoa pasi. Alicheza NBA misimu 14.

Tusimdharau Bol. Kila mmoja alitoa alichonacho. Lakini tuone hili: urefu ulimpa Bol kazi moja, ujuzi ukampa Bogues kazi ya kuiongoza timu nzima.

BINGWA ALIYEONA HAYA

Wapo waliosema hajatokea mtu mwenye mwili wa mchezo kama Wilt Chamberlain. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1936. Kimo chake kilikuwa mita 2 na sentimita 16. Alikuwa na nguvu, alikimbia, aliruka. Chuoni alishindana pia katika michezo ya kuruka juu.

Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja. Hakuna mchezaji wa NBA aliyewahi kufikia hesabu hiyo, si kabla yake, si baada yake. Msimu ule alikuwa anafunga kwa wastani pointi 50 kila mchezo.

Lakini mtu huyu alikuwa na udhaifu mmoja. Mtupo huru ulimshinda. Mtupo huo hauna mlinzi wala mbio. Mtu unasimama tu, unarusha. Katika maisha yake yote ya mchezo Chamberlain alitia kama nusu tu ya mitupo yake huru. Akirusha 10, zinaingia 5.

Sasa sikilizeni. Siku ile ya pointi 100, alirusha mitupo huru 32, akatia 28! Ilikuwaje? Msimu ule alikuwa anarusha kwa mtindo mwingine. Alishika mpira kwa mikono miwili, akaushusha mpaka kati ya magoti, halafu akaurusha juu kutoka chini. Mtindo huo ulimsaidia. Lakini baadaye akauacha. Kwa nini? Aliona haya. Wachezaji wengine hawakurusha hivyo, naye akajiona kama kichekesho. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba kuuacha lilikuwa kosa.

Yuko mwingine aliyeitwa Rick Barry, naye alirusha kwa mtindo huo huo wa chini. Yeye hakujali watu watasema nini. Alitia karibu mitupo 9 katika kila 10. Mwaka 1975 aliiongoza timu yake kuchukua ubingwa.

Ndugu zangu, hapa nilisimama nikafikiri. Chamberlain hakukosa mwili, na njia ya kujifunza aliijua. Kilichomzuia ni aibu. Sisi wa kisomo tunamjua adui huyo. Ni wangapi hapa kwetu waliokataa kuja darasani kwa sababu "watu wataniona nashika chaki kama mtoto"?

CHAMBERLAIN NA RUSSELL

Mpinzani mkubwa wa Chamberlain alikuwa Bill Russell wa timu ya Boston. Russell alikuwa mfupi kwa Chamberlain, ingawa kwetu naye ni mrefu kabisa: mita 2 na sentimita 8. Katika kufunga alifikia kama nusu tu ya Chamberlain. Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 30 katika maisha yake ya mchezo. Russell alikuwa na 15.

Lakini hesabu ya ubingwa ni hii: Chamberlain mara 2, Russell mara 11. Tena Russell alizipata hizo 11 katika misimu 13, kati ya 1957 na 1969.

Russell alifanya nini? Kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi. Wachezaji wengi wakizuia mpira huupiga kwa nguvu ukaenda nje ya uwanja. Watu wanashangilia, lakini mpira unarudishwa kwa adui. Russell aliugusa kidogo tu, ukabaki ndani, ukamfikia mwenzake. Kwa pigo moja alizuia, na papo hapo akaanzisha mashambulizi. Huo ni ujuzi wa mkono na wa kichwa.

Lakini tusidanganyane. Russell naye alikuwa na mwili mzuri wa kuruka. Na timu yake ilikuwa na wachezaji wengi hodari. Mtu mmoja hachukui ubingwa peke yake.

BIRD NA JORDAN

Tuje sasa miaka ya 1980.

Larry Bird alikulia katika mji mdogo uitwao French Lick, jimbo la Indiana. Kwao hawakuwa na mali. Kuna wakati aliacha chuo akarudi nyumbani, akafanya kazi ya halmashauri ya mji, hata ya kuzoa takataka. Baadaye akarudi chuoni. Kimo chake kilikuwa mita 2 na sentimita 6. Lakini hakuwa na mbio, wala hakuweza kuruka juu sana. Ukimtazama, ungesema ni mtu wa kawaida aliyerefuka. Ila mkono wake ulikuwa umezoea kikapu kwa mazoezi ya miaka mingi. Mitupo huru alitia karibu 9 katika 10. Alipata ubingwa mara 3, na mara 3 mfululizo, 1984 mpaka 1986, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Michael Jordan ni kinyume chake. Huyu alikuwa anaruka mpaka watu wakasema anapaa. Mwaka 1988, mjini Chicago, katika mashindano ya kuruka na mpira, aliruka kutoka kwenye mstari wa mtupo huru, akaenda hewani, akausokomeza mpira kikapuni kwa mkono.

Tarehe 20 Aprili 1986 hawa wawili walikutana Boston. Jordan alikuwa na miaka 23. Alifunga pointi 63. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena. Mwisho Boston ya Bird ikashinda 135 kwa 131. Kijana aliyepaa alifunga nyingi kuliko wote, akarudi nyumbani ameshindwa.

Jordan alipata ubingwa wa kwanza mwaka 1991. Akaupata mara 6 kwa jumla. Na mara 3 za mwisho, 1996 mpaka 1998, umri ulikuwa umepita miaka 30. Miguu haikuruka kama zamani. Alifanyaje basi? Alikuwa amejijengea mtupo mpya. Alimgeuzia adui mgongo, akageuka ghafla, akaruka kwa kurudi nyuma, akarusha. Mlinzi akinyosha mkono anakuta hewa. Mwili ulipoanza kumwacha, ujuzi ulimshika mkono.

Tena kumbukeni: Jordan alipokuwa na miaka 15, shuleni kwake hakuchukuliwa timu ya kwanza. Alichukuliwa mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi. Yeye akawekwa timu ya wadogo. Akafanya mazoezi zaidi.

Na wale wanaosema mambo hayo yalikuwa ya zamani, wamtazame Nikola Jokić wa Serbia. Huyu ana kimo cha mita 2 na sentimita 11, lakini haruki sana na wala hakimbii sana. Anapenda sana farasi. Mwaka 2014 timu ya Denver ilimchagua akiwa mtu wa 41. Jina lake likitajwa, televisheni ya Marekani ilikuwa inaonyesha tangazo la biashara! Lakini pasi zake zinamfikia mwenzake mahali ambapo wengine hawajaona hata nafasi. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024. Ubingwa aliupata 2023.

WAAFRIKA WAWILI NA MTOTO WA CHARLOTTE

Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963. Utotoni alikuwa golikipa wa mpira wa miguu, tena alicheza mpira wa mikono. Mpira wa kikapu aliuanza kijana, akielekea miaka 17. Mwaka 1980 akaenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Houston.

Watu walidhani amechelewa. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kujifunza. Golikipa hukanyaga huku na huku upesi, akimtazama adui. Olajuwon aliichukua miguu hiyo akaipeleka kwenye kikapu. Alimyumbisha mlinzi kushoto, kulia, tena kushoto, mpaka mlinzi hajui aende wapi. Alipata ubingwa mwaka 1994 na 1995. Mipira aliyozuia ni 3,830, na katika hesabu za NBA hakuna aliyemfikia.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, timu za NBA zilichagua wachezaji wapya. Kila timu huchagua kwa zamu. Zamu ya pili ilikuwa ya Memphis. Ikamchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2 na sentimita 21. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Ilikuwa heshima kubwa kwa nchi. Zamu ya 7 ikachagua timu ya Golden State. Ikamtaka Stephen Curry, mwenye kimo cha mita 1 na sentimita 88.

Thabeet alicheza NBA misimu 5, katika timu 4. Curry alipata ubingwa mara 4 kati ya 2015 na 2022. Mwezi Desemba 2021 alivunja rekodi ya mitupo ya pointi 3.

Je, tuseme Thabeet alikuwa mvivu? Hapana! Tazameni miaka. Thabeet aliushika mpira huu akiwa na miaka 15 hivi. Curry alikulia mjini Charlotte, na baba yake alikuwa mchezaji wa NBA. Baba huyo alicheza timu moja na yule yule Bogues mfupi. Mtoto aliuona ujuzi nyumbani na uwanjani tangu hajajua kusoma.

Hata hivyo Curry naye hakupewa bure. Akiwa sekondari alikuwa mdogo, mwembamba. Alirusha mpira kutoka kiunoni, na walinzi warefu wangeuzuia. Baba yake akamwambia abadilishe mtupo wote, arushe kutoka juu ya kichwa. Kiangazi kizima alirusha akikosa, akikosa, mpaka mkono ukazoea. Hata baada ya hapo vyuo vikubwa havikumtaka. Akaenda chuo kidogo.

Sasa mtauliza: Mbona Olajuwon naye alichelewa, lakini akawa bingwa? Swali zuri. Hakuna hesabu rahisi hapa. Mmoja alikuja na miguu iliyofunzwa na mchezo mwingine. Mwingine hakubahatika hivyo. Bahati ipo, walimu wapo, majeraha yapo. Lakini hili tunaliona wazi: kimo kilimfikisha mtu mlangoni. Kukaa ndani ya nyumba ni habari nyingine.

BINGWA ALIYERUDI DARASANI

Nimemwacha wa mwisho LeBron James. Huyu ana yote: kimo cha mita 2 na sentimita 6, nguvu, mbio, kuruka. Mwaka 2011 alikuwa na miaka 26. Alikuwa tayari amechaguliwa mchezaji bora wa ligi mara 2. Lakini ubingwa alikuwa hajaupata hata mara moja. Mwaka ule timu yake ilishindwa na Dallas katika fainali, na watu walimcheka sana.

Alifanya nini? Alikwenda Houston kwa Mzee Olajuwon, ambaye alikuwa amestaafu. Akamwomba amfundishe miguu. Fikirini! Mtu mashuhuri duniani anasimama mbele ya mwalimu, anaambiwa: weka mguu hapa, geuka hivi, rudia. Mwaka uliofuata, 2012, akapata ubingwa wa kwanza. Na tarehe 7 Februari 2023, akiwa na miaka 38, akawa mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya NBA.

Chamberlain aliona haya. James hakuona haya. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kimo.

UJUZI UNAINGIAJE MWILINI?

Wataalamu wanasema kila tendo tunaloliruduia linaimarisha njia ndani ya ubongo. Mara ya kwanza ubongo unahangaika. Unaamrisha kidole, kiwiko, goti, kila kimoja peke yake. Ukirudia mara nyingi, njia inafunguka. Sasa mwili unatenda bila kuulizwa.

Ninyi wenyewe mmeyaona. Kumbukeni siku ya kwanza mliposhika penseli. Vidole viliuma. Herufi moja ililala, nyingine ikaruka mstari. Leo unaandika barua kwa mwanao, na unafikiria habari zenyewe. Hufikirii tena herufi. Curry naye akirusha hafikirii kiwiko. Anafikiria mchezo.

Lakini kurudia ovyo hakutoshi. Ukirudia kosa, unajifunza kosa. Ndiyo maana James alitafuta mwalimu, na Curry alisikiliza baba yake.

TUMJIBU MZEE

Basi, Mzee wangu, jibu langu ni hili.

Kwanza, mwili una maana. Nisikudanganye. Mabingwa wengi tuliowataja ni warefu. Kimo cha kijana wako ni zawadi, asikionee haya.

Pili, kimo hakitoshi. NBA ina timu 30, na kila timu ina wachezaji 15 wa kudumu. Hizo ni nafasi 450 tu, na dunia nzima inazigombania.

Tatu, usimtoe shuleni. Olajuwon na Thabeet wote walipitia chuo kikuu kabla ya kuingia NBA. Bol alipitia darasa la lugha. Njia ya huko ilipita darasani.

Nne, yule mtu wa mjini hakumwona kijana akirusha mpira hata mara moja. Aliona kimo, akataka fedha. Mnunuzi wa ng'ombe hamtazami pembe tu. Usimpe kitu. Nenda kamwone mwalimu wa michezo pale shuleni, uliza, andika majina, soma kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Sasa unajua kusoma.

Wiki iliyopita nilipita tena kijijini. Ng'ombe bado wapo zizini. Vijana wamefunga pete ya chuma kwenye mti, nyuma ya shule. Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo, na daftari lake la kisomo mapajani. Kijana anarusha mitupo huru 10 kila jioni, baba anaandika hesabu. Siku ya kwanza ziliingia 2. Siku niliyofika ziliingia 4.

"Bado," mzee akaniambia, akaandika tarehe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Mwalimu Naismith aliweka kikapu juu?
2. Bol na Bogues walitofautiana vipi? Kila mmoja aliisaidiaje timu yake?
3. Kwa nini Chamberlain aliacha mtindo uliomsaidia? Je, hapa kijijini kuna mambo mazuri tunayoyaacha kwa sababu ya aibu? Yatajeni.
4. Jordan alifanya nini miguu yake ilipopungua kasi? Mkulima au fundi anayezeeka anaweza kujifunza nini kwake?
5. Mtu asiyejulikana akija kuahidi kumpeleka mtoto wako ng'ambo, utamwuliza maswali gani?